Ripoti zangu zinarudi zimeandikwa "frag." pembeni. Nakosea wapi?

Msomaji mmoja wa Singida ameuliza hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuandika ripoti za mradi wa maji vijijini, na ripoti zote zinatakiwa kwa Kiingereza. Msimamizi wangu akinirudishia, pembeni nakuta 'frag.', 'frag.', ukurasa mzima. Nimetafuta maelezo, yanasema sentensi lazima iwe na wazo kamili. Lakini nikisoma nilichoandika naona wazo limekamilika, na wenzangu ofisini nao wanaelewa. Sasa hilo wazo kamili linapimwaje? Tena mwalimu wetu wa sekondari alitukataza kabisa kuanza sentensi na 'Because'. Ni kweli haifai? Nimeweka aya moja ya ripoti yangu unisaidie."

Aya yenyewe ni hii, sijaigusa:

"The committee visited the village on Monday. To inspect the new pump. The pump, which was installed last year by the district engineer. It was not working. Because the fuel was finished and the operator had travelled. Women walking long distances to fetch water. Whereby some leave home before dawn. Is important to train a second operator. Such as a young person from the village. Hoping this will be considered."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo "wazo kamili", maana ndilo linalokuzungusha. Maelezo hayo yamo katika vitabu vingi vya shule, lakini kwa mtu anayeandika hayasaidii sana, kwa sababu yanakutuma upime maana wakati kinachotakiwa kupimwa ni umbo. Tazama "He did it there." Nani? Alifanya nini? Wapi? Hujui lolote, na bado hiyo ni sentensi kamili ya Kiingereza. Hakuna mhariri atakayeigusa. Sasa tazama "Because the fuel was finished." Kila mtu ameelewa kwamba mafuta yaliisha, na bado hiyo siyo sentensi. Kwa hiyo wenzako wanaposema wanaelewa, wanasema kweli, na msimamizi wako anapoandika "frag." naye anasema kweli. Neno hilo ni kifupi cha "fragment", yaani kipande: maneno yaliyoanzwa kwa herufi kubwa na kufungwa kwa nukta kama sentensi, huku yamepungukiwa na kitu ambacho sarufi ya Kiingereza haikubali kukikosa.

Kitu hicho ni kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati wa tendo, kikiwa na kiima chake waziwazi, yaani mtenda au kitu kinachozungumziwa, tena kikiwa huru, hakikufungwa na neno kama "because" au "which". Urefu hauhusiki kabisa. Yohana 11:35 katika Biblia ya Kiingereza ni maneno mawili, "Jesus wept", na ni sentensi kamili. Kibao cha barabarani kinachosema "Keep left" nacho ni sentensi kamili, maana ni amri, na katika amri Kiingereza kinaruhusu kiima "you" kifichwe. Lakini kipande chako kuhusu pampu iliyofungwa na mhandisi kina maneno kumi na moja na hakijawa sentensi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajikwaa hapa kwa sababu inayoeleweka. Kitenzi chetu hubeba kila kitu tumboni. "Nimefika" ni neno moja, na ndani yake mna mtendaji, wakati na tendo. Tena tunaweza kusema "Bei kubwa sana" au "Yeye mgonjwa" bila kitenzi chochote, na mtu akaridhika. Kiingereza cha kuandika hakina ruhusa hizo. Mtendaji husimama nje ya kitenzi kama neno lake mwenyewe, na bila kitenzi hakuna sentensi.

Tuingie kwenye aya yako. Ina nukta kumi, na sentensi kamili ni mbili tu: ya kwanza, na ile ya "It was not working." Nane zilizobaki ni vipande, lakini havikukosa kitu kilekile, ndiyo maana dawa yake si moja.

Anza na hiki: "Women walking long distances to fetch water." Umeona "walking" ukahesabu kuwa kitenzi kipo. Kipo, ila hakina njeo. Namna ya kujua ni kubadilisha wakati. Weka "every day" mwishoni, kisha weka "yesterday". Kitenzi chenye njeo lazima kitikisike: "Women walk every day", "Women walked yesterday". Lakini "walking" inabaki vilevile ukiiweka jana au kila siku, kwa hiyo wakati haumo ndani yake. Neno lenye "-ing" likiwa peke yake linahitaji "is", "are", "was" au "were" ili lisimame. Andika "Women were walking", au lililo bora zaidi kwa ripoti ya jambo linalotokea kila siku, "Women walk long distances to fetch water."

Kuna ndugu yake asiyeonekana upesi. Siku moja utaandika "The money sent to the committee in March." Hapo "sent" inafanana sana na kitenzi cha wakati uliopita. Jiulize: fedha zilituma? Hapana, zilitumwa. Kwa Kiswahili hizo ni "fedha zilizotumwa kwa kamati mwezi wa Machi", na ukiishia hapo msikilizaji atakuuliza, zimefanyaje? Ungetaka kusema "zilitumwa" ungehitaji "was sent".

Na swali hilo la "imefanyaje?" ndilo linalofichua kipande cha pampu: "The pump, which was installed last year by the district engineer." Kitenzi chenye njeo kimo, "was installed", na kiima kinaonekana, "the pump". Kosa liko wapi? Liko kwenye "which". Neno hilo limekichukua kitenzi hicho likawa nacho, na pampu yenyewe imebaki bila kitenzi chake. Itafsiri upya kichwani: "Pampu iliyofungwa mwaka jana na mhandisi wa wilaya." Sikio lako linangoja. Kitenzi kinachongojwa kiko kwenye sentensi inayofuata, "was not working", kwa hiyo ondoa nukta, ondoa "It", weka mkato: "The pump, which was installed last year by the district engineer, was not working." Angalia kwamba mikato ni miwili, mmoja unafungua na mmoja unafunga. Watu wengi huweka wa kwanza wakasahau wa pili.

Sasa tumefika kwa "Because", na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo ninapoona vipande vingi kuliko mahali pengine popote katika maandishi ya Waswahili.

Fikiria jinsi Kiswahili kinavyokifanya kishazi, yaani fungu la maneno lenye kitenzi chake, kiwe tegemezi, kisiweze kusimama peke yake. Mara nyingi alama huingia ndani ya kitenzi chenyewe. "Pampu imeharibika" ni sentensi. Ibadilishe iwe "Pampu ikiharibika", na mara moja sikio linajua kuna jambo linakuja. Vivyo hivyo "Tulifika kijijini" na "Tulipofika kijijini". Silabi moja tu imegeuka, na hakuna Mswahili atakayeweka nukta baada ya "tulipofika kijijini" akaenda zake. Kiingereza hakifanyi hivyo. "The pump breaks down" ni sentensi. "If the pump breaks down" ni kipande. Na maneno "the pump breaks down" hayakubadilika hata herufi moja. Kazi yote imefanywa na neno dogo lililokaa mbele.

Kwa "if" na "when" Kiswahili kinakulinda. Ukitafsiri kipande chako utasikia "-ki-" au "-po-" na utajua kinaning'inia. Hatari iko pale Kiswahili nacho kinapotumia neno la nje na kukiacha kitenzi jinsi kilivyo. Maneno hayo ni "kwa sababu", "kwa kuwa", "ingawa", "wakati ambapo", "ilhali". Tunasema "mafuta yaliisha", tunasema "kwa sababu mafuta yaliisha", na "yaliisha" ni ileile. Sikio halipati ishara yoyote. Zaidi ya hapo, tunapozungumza tunapumua kabla ya "kwa sababu", na tunapoandika pumzi hiyo tunaigeuza nukta: "Pampu haikufanya kazi. Kwa sababu mafuta yaliisha." Katika maandishi yetu wenyewe huwa inapita bila mtu kulalamika. Ikihamia kwenye ripoti ya Kiingereza inakuwa "frag."

Kwa hiyo "because", "although", "since", "whereas" na "while" hutayakamata kwa kusikiliza. Yakariri, na kila ukiliona moja mwanzoni mwa sentensi, simama. Kishazi kinachoanzwa na maneno hayo ni kama tela lisilo na kichwa cha lori: magurudumu yapo, mzigo upo, lakini haliendi mpaka lifungwe kwa kitu chenye injini. Injini ni kishazi kingine kilicho huru, ndani ya nukta ileile.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu mwalimu wa sekondari. Kuanza sentensi na "Because" kunafaa kabisa. "Because the fuel was finished, the pump was not working" ni sentensi safi, kwa kuwa baada ya mkato kimekuja kishazi huru. Nadhani walimu hukataza kwa sababu wanafunzi wengi huanza na "Because" wakaishia hapohapo, na kukataza moja kwa moja ni rahisi kuliko kusahihisha vipande vya darasa zima. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza katazo hilo lina nafuu. Kwa mtu wa ripoti kama wewe ni hasara, maana linakunyima muundo utakaouhitaji kila wiki. Kumbuka tu mkato: sababu ikitangulia, weka mkato baada yake, sababu ikifuata nyuma, kwa kawaida hapawekwi mkato.

Jirani wa "because" ni "although", na lina mtego wake. Kiswahili kinakubali "Ingawa pampu ilikuwa kuukuu, lakini ilifanya kazi." Ukipeleka umbo hilo kwenye Kiingereza unapata "Although the pump was old, but it was working", na hapo pande zote mbili zina neno la kuunganisha, kwa hiyo hakuna upande uliobaki huru. Chagua moja, "although" au "but", lingine liondoe.

"Whereby" nalo ni neno ambalo Kiingereza cha ofisi za Afrika Mashariki kimelipenda mno. Tunalitumia pale ambapo kwa Kiswahili tungesema "ambapo", na tunalianzia sentensi bila wasiwasi: "Whereby some leave home before dawn." Kwa Kiingereza cha kawaida maana ya "whereby" ni finyu, yaani "kwa utaratibu ambao", na ni lazima liegemee neno lililotangulia linalotaja huo utaratibu. "The village agreed on a system whereby every household pays 2,000 shillings a month" ni sahihi. Katika aya yako hakuna utaratibu wowote unaotajwa, kuna jambo la pili tu kuhusu wanawake walewale, na la kulibeba ni "and". Ushauri wangu ni ulitoe "whereby" katika ripoti zako kwa miezi michache. Hutapungukiwa na kitu.

"Is important to train a second operator" ni kipande cha aina nyingine. Kitenzi kipo, njeo ipo, hakuna neno lililokifunga. Kilichokosekana ni kiima. Kiswahili kinasema "Ni muhimu kumfundisha mtu wa pili" na hakuna anayeuliza ni nini kilicho muhimu. Kiingereza kinadai kiti cha kiima kikaliwe hata kama aliyekikalia hana maana yoyote, na kazi hiyo hupewa "it": "It is important", "It seems", "It depends", "It is raining". Vivyo hivyo "kuna" hutaka "there": "There is a shortage of fuel." Kosa hili utalimaliza haraka kuliko yote, kwa sababu kila linapotokea, sentensi huanza kwa kitenzi. Sentensi ya Kiingereza ya kuelezea jambo, isiyo amri wala swali, ikianza na "Is", "Seems", "Depends" au "Shows", jua kuna mtu hayupo kitini.

"To inspect the new pump" na "Such as a young person from the village" sitavichelewesha. Cha kwanza ni lengo la ziara, cha pili ni mfano wa mtu wa kufundishwa. Vyote viwili ni mikia ya sentensi iliyotangulia. Viambatishe huko vilikotoka, na kwa "such as" weka mkato kabla yake. Mambo haya pia huanza na "for example", "especially" na "including".

Kimebaki "Hoping this will be considered." Huyu ana historia. Barua za zamani za kiofisi na za kibiashara kwa Kiingereza zilifungwa kwa maneno kama "Hoping to hear from you soon, I remain, Yours faithfully". Soma polepole utaona sentensi ilikuwa kamili: "I remain" ndiyo iliyokuwa na kiima na kitenzi chenye njeo, na "Hoping" iliegemea hapo. Baadaye watu wakaiacha "I remain" kwa kuiona ya kizamani, na "Hoping" ikabaki yatima mwishoni mwa barua. Ofisi zetu ziliurithi mtindo huo na bado zinauendeleza, pamoja na "Thanking you in advance." Kwenye barua ya kirafiki sitagombana na mtu. Kwenye ripoti, andika anayetumaini ni nani: "We hope this will be considered." Ningekuwa mimi ningekwenda mbele kidogo nikaandika ni nani atafakari na lini, lakini hilo ni suala la ripoti nzuri, tumetoka kwenye sarufi.

Aya yako sasa inasomeka hivi:

"The committee visited the village on Monday to inspect the new pump. The pump, which was installed last year by the district engineer, was not working because the fuel was finished and the operator had travelled. Women walk long distances to fetch water, and some leave home before dawn. It is important to train a second operator, such as a young person from the village. We hope this will be considered."

Nukta tano badala ya kumi, na habari ni ileile. Nimeacha maneno yako karibu yote, kwa sababu Kiingereza chako hakikuwa na upungufu wa maneno. Nukta ndizo zilizokuwa zinakuja mapema.

Ila uwe mwangalifu usikimbilie upande wa pili. Mtu akishaogopa vipande huanza kuunganisha kila kitu kwa mkato: "The fuel was finished, the pump stopped." Hilo nalo ni kosa, na msimamizi wako ataliandikia neno jingine pembeni. Pande zote mbili hapo ni huru, na mkato peke yake hauna nguvu ya kushikanisha vishazi viwili huru. Weka nukta, au nukta mkato, au ongeza "so" baada ya mkato.

Wala usivifukuze vipande kila mahali. Vichwa vya habari, vibao kama "No parking", majibu ya mdomo na ujumbe wa simu vimejaa vipande na hakuna ubaya. Katika ripoti yenyewe, orodha ya malengo inayoanza "To increase", "To train", "To repair" inakubalika, kwa kuwa juu yake kuna sentensi inayoitangulia. Katika aya za maelezo, usiviache.

Programu za kuandikia kwenye kompyuta zitakusaidia kwa kiasi. Microsoft Word, kwa mfano, huweka mstari chini ya baadhi ya vipande. Lakini vingine huvipita, na mara nyingine hutia mstari sentensi isiyo na kosa, kwa hiyo chukulia mstari huo kuwa sababu ya kutazama tena, uamuzi uwe wako.

Kuna kipimo kimoja cha haraka unachoweza kutembea nacho. Tanguliza "I believe that" mbele ya maneno unayoyatilia shaka. "I believe that the pump was not working" inakaa vizuri. "I believe that because the fuel was finished", ukaweka nukta, haikai. "I believe that women walking long distances" haikai. Kipimo hiki hakifai kwa amri na maswali, na kinadanganya kwa kosa la "Is important", maana "I believe that is important" inasikika sawa: "that" imejipenyeza ikakaa kwenye kiti cha kiima. Kosa hilo lishike kwa kutazama neno la kwanza, kama nilivyosema.

Halafu, ukimaliza ripoti, isome kuanzia sentensi ya mwisho ukirudi juu, moja moja. Unaposoma kwa mfuatano wa kawaida, sentensi iliyotangulia hukikopesha kipande maana yake, na ndiyo sababu uliona kila wazo limekamilika. Ukisoma kinyumenyume mkopo huo haupo. Ungekutana na "Hoping this will be considered" ikiwa peke yake, kisha "Such as a young person from the village" ikiwa peke yake, na ungeviona. Fanya hivyo kwa ukurasa mmoja kwanza, kalamu mkononi, ukipigia mstari kitenzi chenye njeo katika kila sentensi na kukizungushia duara kiima chake. Sentensi isiyo na mstari, au isiyo na duara, au ambayo mstari wake pekee uko nyuma ya "because", "which" au "when", hiyo ndiyo itakayorudi na "frag."